Barua kwa mwanangu: unalala saa ngapi?

Kibosho, Jumapili jioni

Mama,

Shangazi yako alinipigia Ijumaa. Wewe hukunipigia. Ameniambia ulianguka kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi pale Kimara, Dar, ukazinduka umezungukwa na watu, muuza mihogo mmoja anakupepea kwa kanga yake. Na daktari amesema huna ugonjwa, ni usingizi mchache na tumbo tupu. Nikamwuliza shangazi, kwani huyu analala saa ngapi? Akakohoa. Sasa nakuuliza mwenyewe, na swali hili utalikuta tena huko chini.

Jana ulipopiga hukugusia kuanguka. Ulinisomea ratiba. Kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia kilomita tano, jimu jioni, sukari marufuku, wali marufuku, kitabu kimoja kila wiki. Jimu yenyewe umeshalipia mwaka mzima. Nimeona niandike, maana kwenye simu unasema "sawa baba" kabla sijafika katikati.

Majirani wamechoka kunisikia nikikutaja. Kukagua mahesabu ya kampuni za watu si jambo dogo kwa mtoto aliyetoka kwenye kihamba hiki, shamba letu la nyumbani. Lakini hii ni ratiba ya ngapi? Ile ya Januari ilifika tarehe ngapi? Viatu vyako vya kukimbia mdogo wako anavivaa kukatia majani ya ng'ombe. Sikusimangi. Haya, nakusimanga kidogo.

Ya kidole changu cha mguu kilichokatwa kwa sababu ya kisukari unayajua, siyarudii. Usichokijua ni kilichofuata, kwa sababu ulikuwa umesharudi Dar. Niliporuhusiwa hospitali nilitoka na maazimio kama yako: pombe basi, chumvi basi, kutembea kila siku hadi Kibosho Road na kurudi. Nilitembea siku nne. Kliniki iliyofuata, muuguzi, binti wa rika lako, hakunipa ratiba yoyote. Aliniuliza tu, "Baba, jioni kuna kitu gani unakifanya bila kukosa?" Nikamwambia sijawahi kukosa taarifa ya habari ya saa mbili. Akasema, basi redio ikianza, vua viatu utazame miguu.

Wiki ya kwanza nilifanya hilo tu. Nilivua soksi nikakaa nazitazama nyayo kama mtu aliyefiwa, mama yako akicheka jikoni. Baadaye likaja beseni. Maji ya uvuguvugu, nayapima kwa kiwiko, kwa sababu miguu yangu haiaminiki tena, inaweza kuungua isiniambie. Siilowekei muda mrefu. Nafuta katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, kwa kipande cha kanga iliyochakaa, kisha kile kioo changu cha kunyolea nakilaza sakafuni na kupitisha unyayo juu yake. Natafuta wekundu, lengelenge, mpasuko. Mwisho natia mkono ndani ya kila kiatu. Mwezi wa nne nilikuta punje ya kahawa, ngumu kama kokoto, kwenye kiatu cha kulia. Nilikuwa nimeshinda nayo tangu asubuhi, nimekwenda nayo Mbuyuni na kurudi, sijaisikia. Ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu pale pale. Nisingetazama, sasa hivi pengine ningekuwa nakuandikia habari ya kidole cha pili.

Nimewahi kukosa. Msiba wa jirani wa chini nilikosa siku mbili, na nilipougua malaria nadhani tatu. Nilipopata nafuu nikarudi kwenye beseni, sikujitungia adhabu wala sikungoja tarehe moja. Wewe ukikosa siku moja unavunja mkataba mzima. Hapo ndipo tunapofanana, na hapo ndipo ninapoogopa.

Ulisema pia kwamba tabia inashika kwa siku 21. Mdogo wako alinitafutia kwenye simu. Kuna utafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, uliochapishwa 2010. Walifuatilia watu 96 waliochagua jambo moja dogo kila mmoja, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, walifanye kila siku. Wastani ulikuwa siku 66. Mwepesi alichukua 18, na mzito walimkadiria 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Uone walivyowapa watu kazi: jambo moja, dogo, lililofungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo. Sijasoma popote kwamba walipewa sita kwa mpigo waanze saa kumi alfajiri.

Ukiamka saa kumi, unalala saa ngapi? Hesabu ni kazi yako, nifanyie na hii.

Kama ungenisikiliza, ungeiacha ratiba yote ukachukua kitu kimoja: ukishapiga mswaki usiku, simu ipande juu ya kabati. Basi. Usiniahidi saa nane za usingizi, niahidi simu juu ya kabati. Na vile vinywaji vya kopo unavyokunywa jioni ili umalize kazi, mtoto wa wakulima wa kahawa unapaswa kuwa wa mwisho kudanganywa navyo. Kafeini ni ile ile ya kwenye kahawa. Saa tano hivi baada ya kunywa, nusu yake bado inazunguka mwilini. Unakunywa saa moja usiku halafu unashangaa saa sita macho makavu.

Asubuhi usitoke na chai tupu. Yai moja la kuchemsha, chemsha usiku ukipika.

Kuna jambo mama yako alinikumbusha juzi tukibishana juu yako. Alisema, "Na nani aliyekuwa anamwita mvivu akimkuta amesinzia mezani?" Nilimwambia mtihani wa kidato cha nne haukuwa mchezo. Akasema alikuwa darasa la sita. Sikumbuki vizuri. Taa naikumbuka, na nilivyokuwa nikiwasifia wageni kwamba huyu wangu halali. Wageni walipenda kusikia.

Huku mfereji umeziba tena kule juu. Zamu yetu ya maji ni Alhamisi, lakini watu wameacha kwenda kuzoa majani na matope kila wiki, wanasubiri uzibe kabisa ndipo waitane na majembe, kisha ukingo unabomoka na kazi inakuwa ya siku tatu. Nimewaambia. Hawanisikii, nao wanasema "sawa mzee". Ng'ombe anakaribia kuzaa. Bati la zizi lile la kona bado linavuja, fundi amekula pesa ya misumari na hapokei simu. Goti la mama yako linamsumbua kwenye mteremko, ila kanisani hakosi. Usitume hela mwezi huu. Tukikwama nitakwambia, na wewe ukianguka uniambie mwenyewe, nisisikie kwa shangazi.

Mzigo unakuja na basi la kesho asubuhi. Kuna mkungu wa mshare, umekatwa katikati ili uingie kwenye mfuko, anza na nusu ya juu, inaiva upesi. Parachichi nimezifunga kwenye gazeti, usiziweke kwenye friji kabla hazijalainika. Maziwa ya mgando yamo kwenye ndoo ya njano. Juu ya ndizi utakuta jani la sale. Mama yako amedhani limeingia kwa bahati mbaya akataka kulitoa, nikamwambia liache. Wewe unajua kwetu Wachagga linawekwa kuombea msamaha.

Usiku huu, kabla simu haijapanda kabatini, niandikie saa tu. Namba peke yake inatosha, salamu tutapeana Jumapili.

Ndoo ya njano si yetu, ni ya mama wa kikundi. Irudi na shangazi akija.

Ni mimi,
Baba yako