Simu yako inasoma karatasi ya mnada bure? Soma hii kwanza

Jana tena nimepigiwa simu, "bosi, elfu ishirini kusoma karatasi moja ya mnada si wizi huo, simu yangu inasoma bure." Karatasi yenyewe ni ile ripoti ya mkaguzi inayoambatana na gari la mtumba la mnada wa Japani, imeandikwa Kijapani. Basi naandika mara moja hapa, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Mwaka jana mteja wetu mmoja aliikwepa hiyo elfu ishirini. Kapiga picha karatasi ya gari aina ya Toyota Noah, simu ikamwambia maoni ya mkaguzi ni "kiitikio chini", akacheka, akalipia gari. Kilichoandikwa pale ni 下サビ. Hiyo 下 ni chini, yaani uvunguni, na サビ inasomwa sabi, ndo kutu yenyewe. Sasa Wajapani kiitikio cha wimbo nacho wanakiita sabi, na ile wasabi ya kwenye sushi nayo wanaikata jina hivyohivyo, simu ikachagua muziki. Gari ilipotoka bandarini tukaipiga jeki, fundi kagusa chesisi na bisibisi, ikazama kama kwenye biskuti iliyolowa chai. Kuchomelea tu ilimtoka laki tisa na ushee, halafu akatununia sisi.

Ukikuta imeandikwa kwa kanji, zile herufi za asili ya China wanazotumia Wajapani, ni hii: 錆. Kushoto ni 金, metali yoyote (pia dhahabu, pia hela), kulia ni 青, rangi ambayo kwa Wajapani ni bluu na kijani humohumo, hata taa ya kijani ya barabarani wanaiita ya bluu. Mi huwa nawaambia wateja wakumbuke shaba ikikaa nje inavyogeuka kijani, ingawa wajuzi watanisuta kwamba hiyo 青 imewekwa pale kutoa sauti ya "sei" tu, ndo usomaji mwingine wa herufi hiyo. Herufi ilitoka China, ila Wachina kutu hawaiandiki hivyo, wanaandika 锈. Ndo maana yule mteja aliyekuja na mpwa wake aliyesoma Guangzhou miaka minne walikwama, dogo 車 kaijua fasta kwamba ni gari, kufika 錆 akaanza kubahatisha eti chuma kizuri!

Na mara nyingi hata hiyo kanji huikuti. Ina mistari 16, haimo kwenye ile orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, mkaguzi ana foleni ya magari, anaparaza サビ kwa mkono anaondoka. Mwandiko wenyewe kama wa daktari.

Kingine kinachowaumiza ni S. Kwenye gredi, yaani alama ya jumla ya gari, S ni gari karibu na mpya, lakini S hiyohiyo kwenye mchoro wa bodi ni kutu, na C ni kutu iliyoshakula chuma. Kuna mtu alihesabu S nne kwenye mchoro akaniambia "gari safi hii kaka".

Tukisoma sisi hatuishii kwenye maneno, tunaangalia na gari limetokea wapi, maana za Hokkaido, kule kaskazini mwa Japani kwenye theluji, barabara zinamwagwa chumvi kuyeyusha barafu, uvungu unaoza huku juu rangi inang'aa. Hiyo ni nusu saa ya mtu, elfu ishirini haipungui.

Picha tuma karatasi nzima, msikate kona ya maoni ya mkaguzi. Wauzaji wengine hiyo kona ndo wanayoikata.