Karanja, acha nikujibu hiyo ya Devers

Lowell, Januari 2026

Karanja ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Ujumbe wako niliupata ile siku Bregman, mchezaji wetu wa besiboli, alisaini na Cubs wa Chicago, ukaniuliza kama sasa nimeamini klabu yangu ya Boston Red Sox haijui inafanya nini, na mbona bado navaa jezi ya Devers ambaye alishaenda San Francisco. Nikaona hii si ya kujibu kwa maneno mawili kwa simu, wacha nikuandikie barua kabisa, manake haya mambo nimekaa nayo moyoni tangu Juni na hapa kazini hakuna mtu wa kumwambia, vijana wote ni mpira wa miguu tu, Arsenal asubuhi Arsenal jioni.

Kwanza tuelewane. Mimi sina shida na tredi, klabu kubadilishana wachezaji. Mchezaji kupelekwa kwingine ni sehemu ya kazi yake. Ni kweli hii ndo klabu ilimuuza Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000 mwisho wa 1919, na kutoka kombe la 1918 hadi lingine ni miaka 86. Lakini ni hao hao Red Sox walimtoa Nomar Garciaparra tarehe 31 Julai 2004, na hiyo ilikuwa tredi nzuri kabisa. Nomar alipendwa Boston vibaya sana, watoto walikuwa wanaiga vile anavuta glavu zake kabla ya kupiga, na wakamtoa katikati ya msimu akaenda Cubs. Watu walilia. Lakini ukiangalia unaona sababu, alikuwa ametoka kuumia mguu na kudaka kwake kumeshuka, wakamchukua Orlando Cabrera ashike nafasi yake na Mientkiewicz wa besi ya kwanza, wote wawili wadakaji wa ukweli. Na siku hiyo hiyo kwa tredi nyingine ndogo ambayo hakuna aliyeijali wakamleta Dave Roberts kutoka Dodgers wa Los Angeles, na unajua kilichofuata Oktoba, wako nyuma michezo mitatu kwa sufuri dhidi ya Yankees, mchezo wa nne inning ya tisa, ile zamu ya mwisho, Roberts anaiba besi ya pili, yaani anaikimbilia kabla mpira haujapigwa, kila mtu uwanjani akijua ataiba, na baada ya hapo hawakushindwa tena mpaka kombe. Miaka 86 ikaisha. Sasa hiyo ndo tredi. Ukinionyesha shimo ulilokuwa unaziba nitaumia lakini nitakuelewa.

Kinachoniuma ni zile zingine.

Mookie Betts unamjua wewe, lakini ulihamia Marietta na pengine umesahau kwamba huyu mtu alicheza hapa Lowell. Hapa hapa, LeLacheur Park, pale kando ya mto, mwaka wa 2012 akiwa na Spinners, timu ya hapa ya vijana wa Red Sox, kijana mdogo mwembamba anacheza besi ya pili na msimu mzima hakupiga homurani, ule mpira unaovuka uzio, hata moja. Sufuri. Miaka sita baadaye ni huyo huyo MVP, mchezaji bora wa ligi, wastani wa kupiga .346, na kombe la 2018 mkononi. Klabu ilimchukua akiwa mtoto wa shule, ikamfundisha, ikamhamisha kutoka besi ya pili ikampeleka nje akawa mdakaji bora kabisa wa upande wa kulia, kila kitu chake kilitengenezwa kwa mikono yao. Halafu Februari 2020 wakamtoa kwa Dodgers pamoja na David Price, tena nusu ya mshahara wa Price wakabaki wakiulipa wao. Kwa nini? Kodi. Ile kodi ambayo klabu inatozwa mishahara ikipita kiwango fulani, walitaka kushuka chini yake, na mkataba wa Mookie ulikuwa umebakisha mwaka mmoja. Ni kama kulea mtamba miaka yote hiyo halafu unamuuza ile wiki ameanza kutoa maziwa, ati chakula cha ng'ombe kimepanda bei.

Na walipata nini? Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Verdugo alijaribu, simlaumu, lakini mwishowe naye wakampeleka kwa Yankees, fikiria, Yankees! Downs alicheza michezo 14 akaachwa akachukuliwa na Washington bure. Wong bado yuko, ni mdakaji mzuri nyuma ya sahani na namheshimu. Lakini Mookie alisaini Dodgers miaka 12 kwa dola milioni 365, na tangu hapo amebeba makombe matatu, 2020, 2024 na hili la juzi 2025, tena amehamia shotistopu, kati ya besi ya pili na ya tatu, akiwa na miaka zaidi ya thelathini na akaiweza. Na meneja wake kule unamjua ni nani? Dave Roberts. Yule yule wa ile besi ya pili. Sijui kama kuna klabu nyingine duniani inaweza kuangalia wapinzani wakisherehekea na kuona watu wake wengi hivyo.

Alivyorudi Fenway, uwanja wetu, Agosti 2023 watu walisimama wakampigia makofi mpaka akavua kofia, na mimi nilisimama pia, na niliona wazee wazima wanajifuta macho. Yaani hakuna mtu pale aliyemchukulia kama mgeni.

Sasa ukiweka hiyo na ya mrushaji Jon Lester utaona ni tabia. Lester walimlea wenyewe, alipona kansa akiwa kijana akarudi akashinda mchezo wa mwisho wa 2007, akashinda tena 2013, na 2014 badala ya kukaa naye chini waongee wakamtoa Oakland, akaenda Cubs na 2016 akawapa kombe walilosubiri tangu 1908. Hii nitaiweka hapa kwa sababu najua utaipenda, ile siku ya Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipoingia uwanjani na Pittsburgh, Mwafrika wa kwanza kutoka bara letu kucheza ligi kuu, mara yake ya kwanza kabisa kusimama kupiga aliupiga mpira wa nani? Wa Lester. Akafika besi ya kwanza. Nilikuwa nashangilia pande zote mbili siku hiyo. Halafu Bogaerts, kijana wa Aruba, makombe mawili, alikuwa anapenda Boston wazi wazi, wakamwacha Desemba 2022 akaenda San Diego kwa miaka 11 na milioni 280. Hiyo pesa ni nyingi, hata mimi ningeogopa, kwa huyo siwalaumu sana kwa bei ya mwisho, nawalaumu kwa kungoja mpaka bei ifike huko.

Basi tukabaki na Devers. Na Devers, Karanja, walimlipa! Januari 2023, miaka kumi, milioni 313 na nusu. Nikasema haya, wamejifunza, huyu tutazeeka naye. Huyu ndo yule kijana wa miaka 20 aliyempiga Chapman, mrushaji wa Yankees, homurani pale Yankee Stadium kwenye mpira wa maili karibu 103 kwa saa, unakumbuka tulivyopiga kelele. Wakamwambia yeye ndo wa besi ya tatu. Halafu Februari 2025 wanamsaini Bregman ambaye pia ni wa besi ya tatu, wanamwambia Devers weka glavu chini uwe mpigaji tu. Akanuna, na nani hangenuna, lakini akakubali, na baada ya kuanza vibaya sana akawa anapiga kama moto. Mei Triston Casas wa besi ya kwanza akaumia goti, na wakarudi kwa Devers yule yule wakamwambia sasa chukua glavu tena uende besi ya kwanza. Akakataa, akasema mlishaniambia niiweke chini.

Najua wewe unasema mtu analipwa milioni mia tatu anacheza anapoambiwa. Nimelisikia hilo mpaka kanisani. Na ninakubali alipaswa kwenda besi ya kwanza, timu ilikuwa na shimo na yeye ndo mkubwa pale. Lakini mwenye nyumba ana kazi yake pia. Mwenye klabu mwenyewe John Henry alipanda ndege mpaka Kansas City kuongea naye, hiyo ilikuwa Mei, mambo yameshaharibika. Maongezi hayo yangekuwa Januari, kabla ya Bregman, mtu aitwe aambiwe ndugu tunafikiria hivi, wewe unaonaje. Mtu wa miaka kumi ya mkataba humletei habari kupitia kwa waandishi.

Tarehe 15 Juni, Jumapili, Father's Day, wamewafagia Yankees michezo yote mitatu pale Fenway, Devers mwenyewe amepiga homurani siku hiyo, na jioni ndo habari inatoka ameenda Giants wa San Francisco. Nilikuwa nimekaa na vijana wangu tunakula na mdogo akaniuliza sasa kesho atacheza nani, nikakosa la kumwambia. Homurani 215 za Boston zikaishia hapo. Tukapata Jordan Hicks, ambaye alihangaika sana, Kyle Harrison, kijana mmoja anaitwa Bello na mwingine anaitwa Tibbs, na huyo Tibbs hakumaliza hata wiki saba wakamtoa Dodgers wakamchukua Dustin May ambaye baada ya msimu mkataba wake ukaisha. Kile kikubwa walichopata ni kuondokewa na mshahara. Wiki hiyo hiyo ratiba ikawapeleka San Francisco na Devers akawapiga homurani. Na baadaye Giants walipomwomba acheze besi ya kwanza, alicheza. Hapo ndo nilielewa kwamba tatizo halikuwa glavu.

Na sasa Bregman mwenyewe, yule ambaye kwa ajili yake haya yote yalianza, amecheza msimu mmoja akatumia kipengele cha kutoka kwenye mkataba na amesaini Chicago miaka mitano milioni 175. Kwa hiyo wa zamani hayuko na wa kumbadilisha hayuko. Bregman simchukii, alikuwa anafundisha wale vijana wadogo kazi na kila mtu alisema hivyo. Lakini ukiniuliza mbona navaa jezi ya Devers, jibu ndo hilo, yeye si mtu aliyekimbia.

Chris Sale, mrushaji wa Braves wenu, sitamwongelea sana kwa sababu utafurahi kupita kiasi. Ndiyo, walimtoa kwenu Desemba 2023 tena na pesa juu, wakampata Vaughn Grissom ambaye alicheza Boston michezo 31 na msimu uliofuata wote alikuwa Worcester, timu yetu ya daraja la chini, na Sale mwaka wake wa kwanza kwenu akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Ila huyo nawatetea klabu kidogo. Alikuwa ameumia kiwiko, mbavu, kidole, kifundo cha mkono kwa baiskeli, miaka mitatu minne hatumwoni vizuri. Nilifurahi kwa ajili yake kutoka moyoni. Mtu aliyemaliza fainali ya 2018 kwa kumwangusha Machado wa Dodgers, kumtoa akikosa mpira, hadi goti moja chini, huyo hata akienda wapi ni wetu.

Nisikuchoshe na malalamiko peke yake kwa sababu kuna mazuri na lazima niyaseme. Garrett Crochet ni tredi ya aina ya 2004. Tulikuwa hatuna mrushaji wa kuogopwa, wakatoa vijana wanne wazuri kwa White Sox akiwemo Kyle Teel ambaye nilimpenda, wakampata Crochet na hawakungoja, wakamfunga kwa miaka sita milioni 170 kabla hata hajazoea jiji. Ameshinda 18, ameangusha wapigaji 255, wa kwanza kwenye ligi. Shimo lilionekana, likazibwa. Baridi hii wameleta Sonny Gray na Contreras kutoka St. Louis na sasa Ranger Suárez, kwa hiyo upande wa kurusha sina neno. Kwa besi ya tatu ndo nakosa usingizi.

Na kuna Roman Anthony. Miaka 21, walimpandisha Juni, Agosti wakamsainisha miaka minane milioni 130. Hiyo ndo naitaka, mtu wako umemlea, mlipe mapema akiwa bado anafurahi. Kijana wangu mkubwa anataka jezi yake na bado sijainunua, kwa sababu nimeshanunua ya Mookie, ya Bogaerts na ya Devers na zote ziko kabatini na wenyewe wako California. Lakini nitainunua kabla ya mchezo wa kwanza wa nyumbani, namba 19.

Sasa wewe niambie ukweli wako bila ya mizaha, kama ungekuwa unaendesha Boston ile Februari ungemsaini Bregman au ungemwacha Devers pale pale alipo? Na unitumie tarehe zenu za likizo mapema, tiketi za Fenway Braves wakija huwa zinapanda haraka na nataka tukae upande wa besi ya tatu. Mama watoto anakusalimu, anauliza kama lile sufuria la chapati mlienda nalo. Msalimie mama, na usikawie kujibu.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Njeri