YAH: Malalamiko kuhusu futari ya Mzee mjini Sapporo, Japani

Kwa Meneja,
Idara ya Misafara ya Kundi,
Dar es Salaam.

9 Aprili 2025

Ndugu Meneja,

Salaam, na poleni na kazi. Nimekaa siku kumi na moja tangu turudi kabla ya kushika kalamu, kwa sababu barua niliyoiandika usiku ule ule hotelini mama yangu aliisoma, akaichana, akaniambia nilale kwanza. Nimelala. Hasira haijalala.

Naandika kuhusu chakula cha jioni cha tarehe 25 Machi, kwenye mgahawa wa jingisukani (nyama ya kondoo ya kuchoma mezani) mliotupangia pale Susukino, mtaa wa migahawa wa Sapporo, siku mdogo wangu alipomaliza chuo. Masharti yenu mnayajua, mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Mnajua pia mliandika nini kwenye ankara yetu: "futari maalumu ya familia, halali", shilingi 165,000 kwa kila kichwa, vichwa tisa.

Nianze na glasi ya maji.

Adhana ilipolia kwenye simu ya mdogo wangu, Baba alikuwa na tende tatu kwenye kisahani na glasi moja ya maji mbele yake. Ana miaka 74. Najua msafiri ana ruhusa ya kula, naye anajua kuliko mimi na ninyi; alichagua kufunga na hilo si jambo la kampuni kulijadili. Akala tende ya kwanza. Mimi wakati huo nilikuwa namwambia kiongozi wenu wa msafara, kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe, kwamba nyama iliyo juu ya chuma imelowekwa kwenye mchuzi wenye pombe. Kiongozi wenu akacheka. Akachukua koleo, akanyanyua kipande cha nyama kutoka kwenye moto, akakichovya kwenye glasi ya maji ya Baba, akakikung'uta mara mbili, akakiweka kwenye sahani ya Baba. Akasema, "Babu, usijali, tayari imeoga. Na pombe ikipata moto inakimbia."

Hilo ndilo lalamiko langu. Mengine yote yatakayofuata ni namna lilivyofika hapo, na mengi mnayo kwenye simu zenu.

Tarehe 18 Januari niliwaandikia WhatsApp. Nikasema: Tarehe 25 Machi tutakuwa ndani ya Ramadhani, jua la Sapporo linazama saa kumi na mbili kasoro, tunaomba meza kuanzia saa kumi na mbili kamili, nyama isiyolowekwa, chumvi na limau pembeni badala ya mchuzi, na vyombo visivyopikiwa nguruwe. Tiki mbili za bluu. Mkajibu "Noted dada, ondoa shaka". Nimeondoa shaka kweli, ndiyo kosa langu la kwanza, maana mdogo wangu alitaka kutupikia mwenyewe. Anaishi karibu na msikiti wa Sapporo, anajua wapi pa kununua nyama ya kondoo ya New Zealand yenye muhuri wa halali, na jiko dogo la gesi anaazima kwa jirani. Huko Hokkaido, kisiwa ulipo mji wa Sapporo, watu huchoma jingisukani hadi bustanini maua ya sakura yakichanua, si kitu cha kushindikana. Nilimkataza. Nilimwambia tumeshalipia, na kampuni inajua kazi yake.

Mkatuwekea saa kumi na moja jioni.

Nataka mtu mmoja ofisini kwenu akae chini apige hesabu hii. Mgahawa ule ni wa kula mpaka ushibe, dakika 90, saa inaanza kuhesabu mkishakaa. Kutoka saa 11:00 mpaka saa 12:30. Oda ya mwisho ni nusu saa kabla, yaani saa 12:00 juu ya alama. Magharibi siku ile iliingia saa 11:52. Mmewapangia watu waliofunga dakika 52 za kutazama nyama, na dakika 8 za kuagiza. Hata mwanangu wa darasa la nne aliiona hesabu hiyo kabla yangu, aliisoma kwenye saa ya ukutani akaniuliza, "Mama, kwani wao hawajui Ramadhani?"

Tukakaa. Wahudumu wakatuletea mifuko ya plastiki tutie makoti yasinuke moshi, wakatufunga aproni za karatasi, wakawasha moto. Kile chuma chenye mgongo kama kofia ya askari wa zamani kikawekwa, juu kabisa donge la mafuta ya kondoo, pembeni kabichi, vitunguu na choroko zilizochipua. Mafuta yakayeyuka yakatiririka kwenye mifereji hadi kwenye mboga. Harufu ile, Ndugu Meneja, kwa mtu ambaye hajatia kitu kinywani tangu alfajiri! Baba akageuza kiti akaangalia dirishani, theluji ilikuwa inaanguka.

Ili watoto wasilie, mdogo wangu akatusimulia kwamba kondoo walipelekwa kwa wingi Hokkaido ili kupata sufu ya sare za jeshi, serikali ikafungua vituo vya kufugia Tsukisamu na Takikawa mwaka 1918, na watu wakaja kuizoea nyama baadaye. Akasema pia jingisukani ina njia mbili: ile ya Takikawa ambayo nyama inalowekwa kwenye mchuzi kabla ya kuchomwa, na ile ya Sapporo ambayo nyama inachomwa kavu, mchuzi unachovya mwenyewe ukitaka. Kwa hiyo nilichowaomba Januari hakikuwa maajabu. Ni jingisukani ya kawaida kabisa ya mji ule ule mliotupeleka. Ilikuwa kazi ya kuandika neno moja kwenye oda.

Mdogo wangu ndiye aliyeomba kuona oda yenu, kwa Kijapani. Yule mama mhudumu, mtu mzima, akaileta. Imeandikwa: watu tisa na kiongozi, kozi ya nyama iliyolowekwa, pamoja na vinywaji bila kikomo. Hakuna neno halali. Hakuna neno Ramadhani. Mhudumu alipoulizwa akasema wazi kwamba mchuzi ule una sake na mirini, zote pombe za mchele, na kwamba wangeambiwa siku moja kabla wangeandaa nyama isiyolowekwa bila shida. Bei ya kozi hiyo ipo ukutani, yen 4,900, ambayo kwa fedha zetu haifiki hata laki moja. Sitauliza tofauti ilikwenda wapi. Nitauliza jambo moja tu: familia iliyofunga mmeilipia bia za kunywa mpaka muda uishe? Aliyezinywa alikuwa mmoja tu mezani pale, alianza saa kumi na moja na robo, na hamna haja nimtaje, mnamlipa mshahara.

Sasa narudi kwenye glasi, mniwie radhi, kwa sababu najua ikisomwa haraka inaonekana kitu kidogo.

Koleo lile kiongozi wenu alikuwa analigeuzia nyama tangu mwanzo. Alipolizamisha, maji yalibadilika yakawa kama chai ya rangi. Vikaelea vimiduara vya mafuta, na kipande cha kitunguu kilichoungua kikazama taratibu hadi chini. Mkono wa Baba ulikuwa tayari umenyooka kuifuata ile glasi. Alikuwa na tende mdomoni, hajanywa hata tone. Mkono ukabaki pale pale, juu ya meza, haurudi wala hauendi. Meza ya jirani wakanyamaza, na wale hawajui hata neno moja la Kiswahili. Kiongozi wenu yeye aliendelea kucheka, akatuangalia mmoja mmoja kama mtu anayengoja kupigiwa makofi. Ndipo yule mama wa Kijapani akaja karibu mbio, akaiondoa glasi kwa mikono miwili, akainama mara sijui ngapi, akarudi na maji mapya na kisahani cha chumvi. Hakuna aliyemwagiza. Baba akamshukuru kwa kuweka mkono kifuani, akanywa, akala tende mbili zilizobaki, akasema zimetosha. Kisha akanigeukia, akaniuliza polepole, "Mwanangu, huyu kijana mmemlipa?"

Nikamjibu ndiyo, Baba, tumemlipa.

Hakuna mtu aliyekula nyama. Saa 12:30 tukatolewa, kwa adabu lakini tukatolewa, watu wengine walikuwa wanangoja mlangoni. Watu tisa, siku ya kusherehekea shahada ya kwanza kabisa katika ukoo wetu, tukafuturu kwa maandazi ya mgando na ndizi kutoka duka la usiku, tumekaa kwenye vitanda vya hoteli. Kesho yake kiongozi wenu aliniuliza kama nitampa nyota tano.

Ninachodai:

Mturudishie fedha yote ya chakula kile, shilingi 1,485,000, ndani ya siku 14. Si vocha wala punguzo la safari ijayo. Fedha, kwenye akaunti ile ile iliyowalipa.

Pia barua ya kuomba radhi, kwa Baba, kwa jina lake. Na nikifikiri vizuri, barua haitoshi. Barua mnaichapa na kuisahau. Aje mtu mwenye cheo, apande basi hadi Tanga, avue viatu mlangoni, akae kwenye mkeka na aseme mwenyewe. Yule kijana msimlete. Yeye nataka kuandikiwa kwamba hataongoza tena msafara wenye wazee.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Lakini wakati naandika nimepokea ujumbe kutoka kwa dada wa dawati lenu kwamba "client alishahudumiwa, complaint imefungwa". Imefungwa na nani? Basi siku 14 zimekuwa 7, na juu ya fedha ya chakula naongeza nusu ya gharama ya uongozi wa msafara, kwa sababu huduma niliyoilipia ni uongozi na sikuupata. Ikifika tarehe 16 Aprili sijasikia kitu, lalamiko hili linakwenda Tume ya Ushindani pamoja na picha za WhatsApp zenye tiki zenu, picha ya oda, na picha ya glasi ile, ambayo mdogo wangu aliipiga kabla haijaondolewa.

Jambo jingine mnapaswa kulijua. Shangazi yangu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha umra cha akina mama 32 waliokuwa wanangoja bei yenu. Amesimulia wenzake kuhusu glasi. Sikumtuma, na sitamzuia.

Ni mimi,
binti wa Mzee, kwa niaba ya familia.

Nakala: Tume ya Ushindani (imeshachapwa, iko kwenye bahasha, haijabandikwa stempu).