Jumamosi: dakika moja ya kujitambulisha

Habari za jioni dada zangu. Mkutano wetu wa kuunganishana kikazi Jumamosi tunaanza saa 3:00 asubuhi kamili.

Tuko 24, kila mmoja dakika moja. Mmoja akichukua dakika nne, wa mwisho wanajitambulisha wenzao wakiwa wameshainuka kufuata chai, na hiyo si haki kwao. Andikeni kabla: maneno kama 100 yanatosha. Jina, kazi, ombi moja.

Ombi ndilo linalotuangusha. "Natoa ushauri wa kodi, karibuni wote" haisaidii, maana hakuna anayejua akuunganishe na nani. Sema: "Nafunga hesabu za maduka ya dawa. Natafuta wenye maduka Sinza na Mwenge ambao ritani zao za kodi TRA zimechelewa." Hapo hapo kuna atakayemkumbuka shemeji yake.

Ukipewa namba ya simu, usiihifadhi kwa jina tupu. Andika jina, kazi na mahali mlipokutana, la sivyo baada ya mwezi una kina Neema watatu na humjui hata mmoja. Ujumbe wa kwanza utume kabla ya Jumatatu jioni. Ukikaa wiki, unaanza kujieleza upya. Na tafadhali, usigawe namba ya mwenzako kabla hujamuuliza, wala usimwingize kwenye kikundi chako cha mauzo bila ridhaa yake.

Mchango wa chai ni 15,000, kwa mhazini, mwisho Alhamisi saa 10 jioni. Mpishi ananunua vitu Ijumaa alfajiri, anayelipa mlangoni hajahesabiwa kwenye sahani.