Kabla hujauliza bei ya simu, tuambie unachajia wapi

Mama mmoja anayenunua dagaa pale mwalo wa Kibirizi aliingia dukani kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kitochi chake (simu ndogo ya vitufe) mkononi, kimefungwa raba ili mfuniko wa betri usidondoke. Aliniambia hivi: "Mwanangu, nataka simu janja. Ila iingie kwenye kibindo kama hiki, ikae na chaji siku tatu kama hiki, na isizidi laki mbili na nusu."

Nilimwomba akae, maana jibu la ombi hilo ni refu. Tunalisikia karibu kila siku, kutoka kwa walimu, bodaboda, wavuvi na wanachuo: ndogo, nyepesi, inayokaa na chaji, bei poa. Sisi tunauza simu, tungeweza kusema "ipo" na kufunga risiti. Lakini simu yenye vyote vinne haipo kwenye kabati letu, na haipo kwenye kabati la mtu mwingine yeyote. Ni vizuri ujue sababu kabla hujatoa hela yako.

Mezani tuna mizani ndogo ya kidijitali, ile wanayotumia masonara. Niliweka kitochi cha mama, ikasoma gramu 83. Nikaweka simu janja ya kawaida, ya inchi 6.6 na betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri): gramu 194. Kisha nikachukua betri peke yake, ya uwezo uleule, ambayo fundi wetu alikuwa ameitoa kwenye simu iliyokufa kioo. Gramu 68. Theluthi nzima na ushei ya uzito wa simu janja ni betri tu.

Sasa fikiria dumu la mawese. La lita tano halibebi lita kumi hata ukilisukuma vipi. Betri za simu zetu nyingi ni za lithiamu, na kila gramu na kila sentimita ya betri hiyo ina kiasi chake cha umeme inachoweza kushika. Ukitaka umeme zaidi, unahitaji betri kubwa zaidi, na betri kubwa zaidi inahitaji simu nene zaidi, pana zaidi, nzito zaidi. Siku hizi viwanda, hasa vya China, vinachanganya silikoni na kaboni ndani ya betri ili dumu lilelile libebe zaidi kidogo, na hilo ni jambo la kufurahisha. Ila lilianza kuonekana zaidi kwenye simu za bei ya juu.

Wateja wengi hudhani simu ikiwa ndogo itakula umeme kidogo, kwa hiyo mambo yatajisawazisha. Hayajisawazishi. Kioo kidogo kinakula kidogo, hiyo ni kweli. Lakini prosesa, yaani ubongo wa simu, ni ileile, kamera ni ileile, tundu la chaji ni lilelile, sehemu ya laini ni ileile, na kifaa cha kushika mtandao kinafanya kazi ileile. Vyote hivyo havipungui kwa sababu kava limepungua. Nafasi inayobaki ndiyo ya betri, na ndiyo inayominywa.

Mfano mzuri ni simu za iPhone 12 za mwaka 2020, kwa sababu ndogo na kubwa zilitumia prosesa moja. iPhone 12 mini, ya inchi 5.4, ilikuwa na betri ya mAh 2227, na Apple wenyewe waliiandikia saa 15 za kutazama video. iPhone 12 Pro Max, ya inchi 6.7, ilikuwa na mAh 3687 na saa 20. Moja ina uzito wa gramu 135, nyingine 228. Simu hizo mini zilitoka tena mwaka 2021, kisha Apple wakaacha kuzitengeneza. Vijana wanazipenda na ninawaelewa, zinakaa mkononi vizuri sana. Lakini zinazofika huku ni zilizokwishatumika. Ukiuziwa mini ya 2020 ambayo afya ya betri inasoma asilimia 82, unanunua takriban mAh 1800. Kwa mtu mwenye umeme nyumbani na kazini, inatosha. Kwa anayepanda boti kwenda Kalya, mbali huko kusini mwa mkoa, haitoshi.

Wembamba nao unalipiwa. Mwaka 2025 Samsung walitoa Galaxy S25 Edge, unene wa milimita 5.8, gramu 163, betri ya mAh 3900. Ndugu yake S25+ ana kioo cha inchi 6.7 vilevile, ni mzito zaidi, gramu 190, lakini ana mAh 4900. Kule Marekani ile nyembamba ilizinduliwa kwa dola 100 zaidi ya ile yenye betri kubwa. Yaani mtu analipa zaidi apate chaji kidogo, kwa sababu anachokinunua ni wepesi. Si kosa, mradi anajua anachokinunua.

Kwetu Kigoma kuna jambo jingine ambalo karatasi ya sifa za simu haikuandikii: mtandao. Simu inapokuwa karibu na mnara inaongea nao kwa sauti ya chini. Mnara ukiwa mbali, simu inapandisha nguvu ili isikike, na ukipotea kabisa inautafuta, inautafuta tena, usiku kucha. Mvuvi wa dagaa anaondoka jioni na chaji asilimia 90. Simu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, hajaigusa hata mara moja. Alfajiri anarudi, anataka kuwapigia wanunuzi mwaloni ajue bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga, anakuta simu imezima. Anakuja kwetu akiwa na hasira kwamba betri ni feki. Mara nyingi betri ni nzima, chaji imeliwa na giza la mtandao katikati ya Ziwa Tanganyika. Tunamwonyesha jinsi ya kuweka hali ya ndege anapotoka nje ya mtandao na kuitoa anapoiona pwani. Hiyo peke yake imewasaidia wengi kuliko kubadilisha betri. Walio upande wa Kagunga, mpakani na Burundi, wazingatie pia kwamba simu inaweza kudaka minara ya ng'ambo, kwa hiyo zima data ya nje ya nchi (roaming) kwenye mipangilio.

Kioo nacho ni mlaji mkubwa. Ukikipandisha mwanga hadi mwisho juani, chaji inashuka huku unaiona.

Halafu bei. Watu wengi wanaamini mAh 5000 ni mAh 5000, ya laki mbili au ya milioni moja. Ujazo ni mmoja, ulaji ni tofauti. Simu nyingi za bei nafuu zinatumia prosesa za teknolojia ya nanomita 12 (kipimo cha udogo wa vijisehemu vyake), za bei ya juu zimeshuka hadi 4 na 3, na kwa kawaida kadiri namba hiyo inavyoshuka ndivyo prosesa inavyofanya kazi ileile kwa umeme mdogo zaidi. Ni kama majiko mawili na gunia moja la mkaa. Kwa hiyo ukiongeza hela, wakati mwingine hupati betri kubwa zaidi, unapata jiko linalotunza mkaa.

Jihadhari na namba zilizoandikwa tu. Niliwahi kuletewa simu iliyonunuliwa njiani, mgongoni imebandikwa mAh 9900, nyembamba na nyepesi kama kitabu cha shule. Tuliipima mbele ya mwenyewe: simu nzima, na betri ndani, haikufika gramu 150. Haiwezekani. Aliinunua kwa akiba ya miezi, na iliniuma. Kabla hujalipa popote, hata kwetu, bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya kampuni gani na aina gani, nawe ulinganishe na uliyoishika.

Ndiyo maana tunauliza unachajia wapi. Mkoa wetu ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na kwa wakazi wengi wa mjini suala la chaji limepungua uzito. Hao tunawaambia wachague kwa starehe ya mkono na kamera, mAh 4500 zitawatosha. Lakini anayelipia kibandani huko kijijini apige hesabu nyingine. Kama wanatoza shilingi 500 kila chaji, simu ya kuchaji kila siku inakula 3,500 kwa wiki. Inayokaa siku mbili inakula nusu yake. Kwa mwaka tofauti ni 91,000. Hela hiyo ingeweza kuongezwa kwenye simu bora mwanzoni kabisa.

Wengine wanasema, basi nichukue simu ndogo na pawabenki. Inawezekana, na tunaziuza. Ila fahamu kwamba pawabenki ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5000 mara mbili. Umeme unapopandishwa volti na kuhamishwa, sehemu yake inapotea kama joto, unabaki na chaji moja na nusu hivi. Na yenyewe mara nyingi ina gramu 200 hivi. Uzito ulioukimbia kwenye simu umeuweka mfukoni kwa jina jingine.

Betri huchoka pia. Nyingi, baada ya kujazwa mara 500 hivi, hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na joto huharakisha. Usiiache simu juani kwenye boti wala juu ya bati. Ukinunua betri inayotosha leo kwa shida, baada ya mwaka na nusu haitatosha.

Mama wa Kibirizi alikunywa maji, akapima simu nne kwa mkono wake, akazijaribu kibindoni moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokaa. Mwishoni alichukua ya inchi 6.6, mAh 5000, iliyoingia ndani ya bajeti yake, akaiweka kwenye pochi ya begani kwa ajili ya kupiga picha za dagaa na kuwatumia wateja wake. Kitochi hakukiacha. Laini ya miamala ilibaki humo, kibindoni, na raba yake. Nilimbadilishia mfuniko bila malipo.

Ukija, njoo na simu unayotumia sasa na utuambie siku yako inavyokwenda: unatoka saa ngapi, unapita wapi, umeme uko wapi. Mizani ipo mezani, pima mwenyewe.