Siku tatu kabla ya rangi mpya: kwa nini hatupigi msasa mkavu

Mteja mmoja ametulalamikia kwamba tulimtoza siku tatu za kazi kabla hajaona hata tone moja la rangi mpya ukutani. Fundi mwingine, alisema, angekuwa amekwisha kumaliza, ilhali sisi tulikuwa "tunatandaza nailoni na kupangusa tu". Si wa kwanza kulalamika hivyo, na tunaelewa uchungu wa mtu anayelipia kazi asiyoiona, kwa hiyo tunaieleza hapa.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hususan nyeupe, njano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi, zing'ae na zidumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi zisizo na sheria ya namna hiyo bado zinaweza kuuzwa, kwa hiyo upya wa nyumba peke yake si dhamana. Zikiwa zimeshika vizuri ukutani, hazina madhara makubwa. Hatari huanza zinapobanduka, zinaposuguana kwenye fremu za madirisha na milango, au fundi anapozipiga msasa mkavu na kuzigeuza vumbi laini linalotua sakafuni na kwenye vizingiti.

Mtoto anayetambaa huokota vumbi hilo kwa viganja, kisha vidole huingia kinywani. Mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na risasi hiyo huuharibu ubongo ambao bado unakua, ikipunguza uwezo wa kujifunza na wa kutulia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Zaidi ya hayo, mtoto huweza kuonekana mzima kabisa, akicheza na kula, kwa kuwa mara nyingi ni kipimo cha damu pekee kinachofichua jambo hili. Si habari mpya: mwaka 1904 daktari John Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, alikwisha kuonyesha kwamba watoto waliokuwa wakiugua huko walidhuriwa na rangi ya kuta na ya vizuizi vya baraza za nyumba zao.

Njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni ya mteja kutangulia kukwangua mwenyewe ili apunguze gharama yetu. Baba mmoja aliyekuwa akitayarisha chumba cha mtoto aliyekaribia kuzaliwa aliwaita vijana, wakasugua madirisha yote kwa mashine ya msasa siku moja kabla hatujafika, milango ikiwa wazi. Nilipitisha kitambaa cheupe chenye maji juu ya ukingo wa kitanda cha mtoto na kikatoka kijivu. Nikafungua droo iliyokuwa imefungwa, humo pia kijivu. Maabara ilithibitisha kuwa ni risasi. Godoro, zulia na vinyago vya kitambaa vilitupwa, usafi ulichukua siku nyingi kuliko kazi yote tuliyokuwa tumepanga, na mtoto wao mkubwa, wa miaka miwili, alipimwa damu, kiwango kikaonekana kimepanda, akalazimika kurudi kupimwa mara kwa mara. Mama alitoka katika nyumba hiyo hadi tulipomaliza, kwani risasi iliyomo katika damu ya mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo sisi huhamisha vyombo, huziba milango kwa nailoni na huloanisha rangi kabla ya kukwangua. Tunatumia msasa wa maji, na hatuunguzi rangi kwa moto hata kama ingebanduka kwa dakika chache, maana moshi wake hubeba risasi. Mabaki hufungwa katika mifuko mizito. Kisha tunatumia mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata vumbi laini sana, tunapiga deki kwa sabuni, na tunarudia kwa maji mengine safi, kwa sababu maji ya kwanza yakitumika tena huwa yanasambaza kile yalichookota. Mafundi wetu hubadili nguo na kuoga kabla ya kwenda kwao. Zamani hatukuwa na utaratibu huo, hadi tulipotambua kwamba fundi wetu mmoja alikuwa akimpakata bintiye kila jioni na vumbi la kazi likiwa shatini. Jambo hilo bado linatuuma.

Hayo yote ni muda wa watu na vifaa, na ndiyo bei yetu. Kama bajeti ni ndogo, tupunguzie idadi ya vyumba, usitupunguzie nailoni na maji. Wakati unasubiri, pangusa vizingiti na sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu, na uwanawishe watoto mikono kabla ya kula na kulala.

Kabla ya kukadiria gharama tunakata kipande kidogo cha rangi hadi tabaka la chini kabisa na kukipeleka maabara. Majibu yakionyesha kwamba hakuna risasi, siku hizo za maandalizi zinaondolewa kwenye hesabu. Mteja wetu wa siku tatu anayo karatasi ya majibu yake, na fremu zake za madirisha zilikuwa na risasi.