Kabla ya kung'oa waya wa zambarau, pimeni ncha zake

Mhariri,

Ukifungua makabati ya umeme katika kiwanda cha saruji, cha sukari au kituo cha kusukuma maji, mara nyingi utaona waya wa rangi ya zambarau, mnene kama penseli, unaotoka kifaa hiki na kuingia kile. Huo ni PROFIBUS, mtandao uliobuniwa Ujerumani kuanzia mwaka 1987. Mitambo ikianza kusimama bila sababu inayoonekana, wa kwanza kulaumiwa ni huo: umezeeka, tuung'oe, tuweke wa kisasa. Fedha hutoka, mitaro huchimbwa upya, na wakati mwingine tatizo hubaki palepale. Tunaandika kuwaomba wenye viwanda na mafundi wenzetu wapime kwanza. Kasoro nyingi zinazosingiziwa uzee hutibika kwa bisibisi na mita.

Mtandao huu hufanya kazi kama mbio za kupokezana vijiti. Kompyuta za udhibiti, yaani PLC, ambazo mafundi huziita masta, hupeana kijiti, na asiye na kijiti hasemi. Kijiti chenyewe ni ujumbe mfupi wa baiti tatu: ya kwanza inasema "hiki ni kijiti", ya pili ni anwani ya anayepewa, ya tatu ni anwani ya anayetoa. Kila baiti husafiri kwa biti 11, kwa hiyo jumla ni biti 33. Kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde, kijiti hupita kwa mikrosekunde 22. Valvu, sensa na draivu za mota hazishiki kijiti kamwe. Hujibu tu zinapoulizwa na masta aliyekishika. Akimaliza, masta hukipeleka kwa mwenzake mwenye anwani kubwa inayofuata, na mwenye kubwa kuliko wote humrudishia mwenye ndogo kuliko wote. Mzunguko huo uko kwenye anwani tu. Waya wenyewe ni mstari ulionyooka wenye ncha mbili, na anayeunganisha ncha hizo ili kutengeneza duara anauharibu mtandao kwa mikono yake.

Kinachotufanya tuutetee mfumo huu ni muda. Masta anapopokea kijiti hutazama mzunguko uliopita umechukua muda gani, akautoa katika muda uliopangwa, na kinachobaki ndicho ruhusa yake ya kuzungumza. Kijiti kikichelewa, anaruhusiwa ujumbe mmoja tu wa dharura, kisha akiachie. Hivyo mhandisi anaweza kukokotoa kwenye karatasi muda mrefu kuliko wote ambao valvu itasubiri amri. Kifaa kinachopokea baiti mbili na kurudisha mbili hutumia takriban biti 300 kwa swali, jibu na kimya cha katikati. Kwa megabiti 1.5 hiyo ni milisekunde 0.2, na vifaa 20 vinahudumiwa kwa milisekunde 4 hivi. Etheneti ya zamani, yaani mtandao wa kawaida wa kompyuta, ile ya waya mmoja unaotumiwa na wote, haikuweza kutoa ahadi hiyo, kwa sababu ujumbe uligongana na kila mmoja akasubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Ndiyo maana General Motors, miaka ya 1980, walisukuma mfumo wa mtandao wa viwandani ulioitwa MAP, uliopitisha kijiti kwenye kebo nene kama ya televisheni. Ule uliangushwa na gharama, lakini kijiti kiliendelea kuishi katika mitandao mingine: katika ARCNET, katika Modbus Plus, na katika BACnet MS/TP inayoendesha viyoyozi vya majengo makubwa hadi leo. Etheneti ya sasa yenye swichi, yaani kisanduku kinachokipa kila kifaa njia yake, haigongani tena, na kwa kiwanda kinachojengwa upya hatuna ugomvi nayo. Hoja yetu inahusu waya ambao tayari uko ukutani na umeshalipiwa.

Kijiti kinaweza kupotea, kwa mfano aliyekishika akizimika ghafla. Hapo kila masta huhesabu kimya. Anayeruhusiwa kutengeneza kijiti kipya ni yule ambaye hesabu yake inaisha kwanza, na hesabu hiyo hutegemea anwani: mara sita ya muda wa kusubiri jibu, kisha ongeza mara mbili ya muda huo kwa kila namba ya anwani. Kwa megabiti 1.5, muda wa kawaida wa kusubiri jibu ni biti 300, yaani muda ambao biti 300 zingetumia kupita. Masta mwenye anwani 2 ataamka baada ya biti 3,000, yaani milisekunde 2. Mwenye anwani 100 ataamka baada ya milisekunde 41, na kwa mashine inayokata au kujaza chupa huo ni muda mrefu mno. Basi wapeni masta anwani ndogo zinazofuatana, 1, 2, 3, na vifaa vingine vianzie juu yao. Sifuri iachieni kompyuta ya fundi; 126 ni ya kifaa kipya ambacho hakijapangiwa anwani; 127 ni ya kutangazia wote. Kuna pia kikomo cha anwani, yaani anwani kubwa kuliko zote ambayo masta hufika wakitafuta wenzao. Kikiachwa 126 wakati mna masta wawili tu, yule wa mwisho hupoteza muda kubisha hodi kwenye nyumba tupu. Kikiwekwa 10, halafu mtu akaongeza masta mwenye anwani 15, huyo hataitwa kamwe, na kwa nje ataonekana kama kifaa kibovu.

Sasa twende kwenye ncha za waya, kwa sababu hapa ndipo viwanda vinapoumia zaidi.

Mawimbi ya umeme yakifika mwisho wa kebo na kukuta hakuna cha kuyameza, hurudi nyuma kama wimbi lililopiga ukuta wa gati, yakauvuruga ujumbe unaofuata. Kwa hiyo kila ncha huwekewa kimezaji, na swichi yake ndogo iko kwenye plagi yenyewe. Ndani yake kuna rezista tatu: ya omu 220 kati ya waya A, ambao ni kijani, na waya B, ambao ni mwekundu, ya omu 390 kutoka B kwenda volti 5, na nyingine ya omu 390 kutoka A kwenda sifuri. Hizo mbili za 390 zina kazi ambayo watu huisahau: hushikilia waya katika volti zinazojulikana wakati hakuna anayesema. Kukiwa kimya, B inatakiwa iwe juu ya A kwa takriban volti 1.1. Volti 5 hizo hutoka kwenye kifaa kilichochomekwa plagi hiyo. Fundi akizima kifaa cha mwisho ili abadilishe fyuzi, rezista zinabaki lakini volti zinaondoka, na kimya cha waya wote hushuka hadi karibu volti 0.6. Mtandao hautakufa papo hapo. Utaendelea vizuri wakati mota zimelala, kisha draivu kubwa ikiwaka utaanza kupoteza ujumbe, halafu kijiti. Mtu atasema mtandao umechoka, kumbe kuna kabati moja limezimwa. Dawa ni kimezaji chenye umeme wake, kinacholishwa volti 24 moja kwa moja, kwenye kila ncha ambayo kifaa chake huzimwa mara kwa mara.

Kupima hakuhitaji kifaa cha gharama. Zimeni umeme, chomoeni plagi zote kwenye vifaa lakini kebo zibaki ndani ya plagi, halafu wekeni mita kwenye pini ya 3 na ya 8 ya plagi ya mwanzo. Vimezaji vyote viwili vikiwa vimewashwa mtasoma omu 110 au zaidi kidogo, kwa kuwa kebo yenyewe huongeza omu 110 kwa kilomita, kwenda na kurudi. Mkisoma 220, ama ncha moja haijawashwa, ama waya umekatika njiani. Mkisoma 73 hivi, kuna vimezaji vitatu. Msiishie hapo: rudieni kipimo kwenye ncha ya pili. Plagi nyingi za kisasa, swichi ikiwashwa, hukata kebo inayotoka. Basi kama kuna swichi ya katikati iliyowashwa kimakosa, ncha ya kwanza itawaambia 110, mkaridhika, na ncha ya pili itasema 220. Vifaa vyote vilivyo baada ya plagi hiyo vitakuwa vimepotea. Kosa lile lile hutokea kwenye kifaa cha mwisho ikiwa kebo imefungwa upande wa kutokea badala ya wa kuingilia. Mshale uliochorwa ndani ya plagi unaonyesha upande sahihi. Kuna kosa moja ambalo mita kwenye pini hizo haitaliona: kijani na mwekundu vikibadilishana mahali. Omu ni zile zile. Hilo hutazamwa kwa macho, plagi moja baada ya nyingine, na taabu hiyo haikwepeki.

Urefu nao una sheria. Hadi kilobiti 93.75 kwa sekunde mnaruhusiwa mita 1,200 kwa kipande kimoja cha waya, kwa 187.5 mita 1,000. Kwa 500 mita 400. Kwa megabiti 1.5 mita 200. Kuanzia megabiti 3 hadi 12, mita 100 tu. Kipande kimoja hakizidi vifaa 32, na ripita, yaani kifaa cha kuunganisha vipande viwili na kuupa ujumbe nguvu upya, huhesabiwa kama kifaa. Kiwanda kikiongeza nyumba ya pampu na kuvuta mita 150 zaidi bila kupunguza kasi wala kuweka ripita, kosa ni la aliyevuta. Matawi ya pembeni yaepukwe, na juu ya megabiti 1.5 hayaruhusiwi kabisa. Kebo ikae angalau sentimita 20 kutoka kwa nyaya za umeme mkubwa, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Wavu wa kinga unaoizunguka kebo ufungwe kwenye athi (waya wa ardhini) ncha zote mbili, kwa kibano kinachoushika pande zote. Kuusokota kuwa mkia na kuuning'iniza kwenye skrubu hakutoshi. Majengo mawili yakiwa na athi tofauti, vuteni waya mnene wa kusawazisha kati yake, au tumieni kebo ya nyuzi za kioo. Na sisi tulio pwani, tuziangalie pini za plagi mara nyingi zaidi kuliko wa bara, maana chumvi ya hewani huzila kimyakimya.

Jambo jingine ni laptopu. Mgeni anachomeka kompyuta yake kusoma programu, mipangilio yake ya muda ikiwa mifupi kuliko ya mtandao. Kompyuta hiyo husikia kimya cha kawaida, ikadhani kijiti kimepotea, ikatengeneza chake. Sasa wawili wanasema kwa pamoja, na mstari wote wa uzalishaji unasimama. Mgeni asichomeke kabla ya kuonyeshwa kasi, kikomo cha anwani na muda wa kusubiri jibu unaotumika hapo.

Ombi letu kwa wanaosaini mikataba ya kufunga mitambo ni kwamba malipo ya mwisho yasitolewe hadi ndani ya mlango wa kila kabati pabandikwe karatasi ngumu yenye mambo haya: anwani ya kila kifaa, urefu wa kila kipande cha kebo, kasi, kikomo cha anwani, mahali vimezaji viwili vilipo, na omu zilizosomwa kwenye kila ncha siku ya makabidhiano. Fundi wa zamu ya usiku, mwenye mita na tochi, akiwa na karatasi hiyo anaweza kuijua kasoro kabla hakujapambazuka.

Mafundi wa umeme na udhibiti wa mitambo,
Tanga